NYUMBA YANGU, KIWANJA CHA MWINGINE



Karatasi ya mshahara ikitufikia mwisho wa mwezi, macho huenda kwanza chini kabisa, kwenye fedha za kwenda nazo nyumbani. Kisha hupanda juu kutazama zilizokatwa. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya yakata asilimia 2.75 ya mshahara. Na kodi ya nyumba za bei nafuu yakata asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho juu yake. Kodi hii ya nyumba ilianza mwaka 2023. Mahakama Kuu ikaikataa Novemba mwaka ule ule. Bunge likatunga sheria nyingine Machi 2024, na makato yakaendelea. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hutoa shilingi 450 kila mwezi. Tukijumlisha na za mwajiri, kwa mwaka ni shilingi 10,800.

Leo twataka kusema juu ya hizo fedha za nyumba, kwa sababu wengi wetu tunaokaa Magogoni na Kisauni yote nyumba tunazo tayari. Kile tusichokuwa nacho ni ardhi iliyo chini yake.

Ndugu zetu waliotoka bara wakafika Pwani kwa kazi ya reli hushangaa sana wakielezwa jambo hili mara ya kwanza. Mtu ajenga nyumba kwa fedha zake: kuta zake, mabati yake, mlango wake. Lakini kiwanja ni cha mwenye shamba, naye mwenye nyumba humlipa kodi ya kiwanja. Mara nyingi hapana mkataba wa miaka, hapana karatasi ila risiti, na wengine hata risiti hawapewi. Mwenye shamba akiuza, au akafariki na warithi wakakosana, mwenye nyumba huambiwa aondoe nyumba yake, kana kwamba nyumba ni kapu la kubeba kichwani. Basi nani atathubutu kujenga kwa mawe? Nani atachimba choo cha kudumu? Akienda benki kuomba mkopo huulizwa hati, naye hati hana. Mtu afanya kazi miaka thelathini, astaafu, na kile anachowaachia watoto wake chaweza kuondolewa kwa barua moja ya wakili.

Hali hii haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1908 serikali ya Wakoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi kwa Pwani: kila anayedai ardhi aje aithibitishe, na ile isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Waliojua karatasi na ofisi walipata hati. Wamijikenda wengi, ambao walilima kwa mila na mipaka yao ilikuwa miti na makaburi, hawakupata. Na hali kadhalika watu waliokuwa watumwa na watoto wao. Ilipokaribia Uhuru, Oktoba 1963, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua juu ya Mwambao, na mojawapo ya ahadi zilizoandikwa ni kwamba hati za ardhi zilizokwisha andikishwa zitatambuliwa daima. Kwa hivyo aliyeingia katika Uhuru na karatasi aliendelea na karatasi yake, na aliyeingia mikono mitupu akaendelea hivyo hivyo.

Hatusemi haya ili kumchukia mwenye shamba. Wako wazee wenye ekari mbili tatu walizorithi, wanaopokea kodi ndogo ambayo haitoshi hata kulipia ada za kaunti, na wapangaji wengine hawawalipi mwaka mzima. Mzee kama huyo si adui wa mfanya kazi. Naye angefurahi kuuza kwa bei ya haki kuliko kupelekana kortini na majirani aliowaona wakikua. Shida yetu zaidi ni yule anayenunua shamba zima na watu wakiwa ndani yake, ambaye hatujapata kumwona uso, tunaona matingatinga tu.

Jambo la nyumba si geni kwa wafanya kazi wa Mombasa. Katika migomo ya Julai na Agosti 1939, waliotangulia ni vibarua wa idara ya ujenzi ya Serikali, na walilotaka ni posho ya nyumba. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa gatini, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiembeni (si Kiembeni hii yetu ya Kisauni, ule ulikuwa kule Majengo, kisiwani). Walikaa nje siku kumi na mbili hivi. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa Agosti mwaka ule na kupelekwa mbali, Kabarnet. Lakini baraza la Jaji Thacker lilikwisha keti, na mishahara ikaongezwa. Tazameni jinsi walivyosema. Hawakusema tu, “Twataka serikali nzuri.” Walitaka vitu vyenye kipimo, mshahara na posho na chumba, na kwa hivyo ilikuwa vigumu kuwapa maneno matupu.

Basi sisi nasi tuseme kwa kipimo. Mwaka 2016 Serikali ilinunua shamba la Waitiki kule Likoni, na Rais Uhuru Kenyatta akawapa hati maelfu ya watu waliokuwa wakiishi juu yake. Wakaaji walitakiwa kurudisha gharama kidogo kidogo, na wengi walinung'unika kwamba wanauziwa kilicho chao. Manung'uniko hayo twayafahamu. Lakini lile jambo lenyewe lilionyesha njia: shamba laweza kununuliwa na watu wakiwa ndani yake, bila kubomoa hata ukuta mmoja.

Ombi letu ni hili. Mfanya kazi anayekatwa kodi ya nyumba, na ambaye ana nyumba bila kiwanja, fedha zake na zile za mwajiri zihesabiwe kuwa malipo ya kiwanja chake. Serikali inunue mashamba haya kwa wenyewe kwa bei ya haki, ipime viwanja, iache njia za maji na za gari la zimamoto, halafu sisi tulipe kwa makato haya haya ambayo tunalipa sasa. Shilingi 10,800 kwa mwaka si kitu kikubwa kwa mwaka mmoja. Kwa miaka kumi na tano ni shilingi 162,000. Kumjengea mtu ghorofa kule ambako hakai, kwa fedha zake, na huku nyumba aliyokwisha jenga yabomolewa, ni kumtoza mara mbili. Asiye na nyumba kabisa naye ana haki yake, na hizo ghorofa zimfae; hatuna ugomvi na hilo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya makao ya kufaa. Haikusema ni lazima yawe ghorofa.

Twataka tena kuulizwa kabla ya jambo kuamuliwa. Hapa yatupasa sisi wa reli kusema kweli hata kama ni chungu. Reli mpya ilipofunguliwa Mei 2017 wengi tulishangilia, na wako waliopata kazi. Lakini mwaka 2019 Serikali ilipoamuru makontena yapandishwe treni mpaka Nairobi, majirani zetu madereva wa malori, makuli wa maghala na mama wauza chakula wa Changamwe na Miritini walikosa kazi, wakaandamana mjini. Chakula cha reli kilikuwa njaa ya jirani. Novemba 2020 Mahakama Kuu ilisema amri ile haikuwa halali, maana wananchi hawakuulizwa. Mwaka 2022 amri ikaondolewa. Miaka mitatu mizima, kwa jambo ambalo mkutano mmoja wa haki ungalionyesha taabu zake mapema.

Na liko jambo kati yetu wenyewe. Ardhi ya Pwani imetumiwa na wanasiasa kugombanisha watu. Agosti 1997, kabla ya uchaguzi, Likoni ilishambuliwa. Zaidi ya watu 100 walikufa na maelfu walikimbia nyumba zao kwa kuwa wazazi wao walizaliwa bara. Waliokufa walikuwa wafanya kazi na wachuuzi, na ardhi haikurudi kwa Mmijikenda hata hatua moja. Katika tawi letu wamo Wadigo, Wagiriama, Waswahili, Wakamba, Wajaluo, Waluhya na Wataita, na karibu wote walipa kodi ya kiwanja kwa namna moja. Mwanasiasa akija Magogoni kutuambia kwamba jirani ndiye aliyeshika ardhi yetu, na tumwombe atuonyeshe hati yenye jina la huyo jirani.

Kwa hivyo Kamati ya tawi yaomba kila mwanachama mwenye nyumba bila kiwanja alete kwa Katibu, kabla ya mwisho wa mwezi, nakala ya risiti zake za kodi ya kiwanja na ya karatasi ya mshahara inayoonyesha makato. Asiye na risiti aje na majirani wawili watakaoshuhudia ameishi hapo tangu lini. Wajane wa wanachama waliofariki pia waje, maana wao ndio huondolewa kwanza. Tukipata majina ya kutosha tutayapeleka kwa Kaunti na kwa Tume ya Ardhi, na nakala kwa makao makuu ya Chama. Msilete karatasi zenyewe, leteni nakala. Karatasi zenyewe zifungieni sandukuni.