Kuzaa si Kazi, Kazi ni Kulea

Sisi wanafunzi wa zamani tukipewa nafasi katika gazeti hili, kwa kawaida husifu mpira wa siku zetu na kuwaonya wadogo zetu wasome kwa bidii. Leo naomba ruhusa niseme juu ya jambo ambalo sikufundishwa darasani, nalo ni kumlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Maoni yangu ni haya: kazi hiyo ni ya baba sawasawa na ya mama, na mwanamume anayemwachia mkewe peke yake anamnyima mtoto nusu ya msaada wake.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosa. Binti yangu alizaliwa hapa Rubongi miaka mitano iliyopita, wala hakulia mara alipozaliwa. Alipofika miezi sita shingo yake ilikuwa bado inalegea. Alipotimiza mwaka, mtoto wa jirani alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, na wangu hajaweza hata kukaa. Miguu yake ilikaza na kupishana kama mkasi. Watu wakanong'ona. Huyu alisema ni laana, yule alisema mama yake alivunja mwiko. Nami niliyesoma elimu ya viumbe nikanyamaza kimya. Wageni walipokuja, nilifurahi mtoto akiwa ndani. Mke wangu ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka Tororo kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nami nikisingizia kazi yangu ya Malaba.

Siku moja mke wangu aliugua, ikawa hapana budi nimpeleke mimi. Benchini nilikuta akina mama kumi na mmoja. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake akanitazama, akasema, "Baba, umekuja mwenyewe? Basi mtoto huyu ana bahati." Hakukusudia kunitukana, lakini maneno yale yalinichoma kuliko tusi.

Siku ile ndipo nilipouliza, nikaelezwa. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo mchanga kuumia au kutokua sawasawa. Mtoto huweza kuupata akiwa tumboni, au akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au baadaye kwa malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo. Hauambukizi, wala hauletwi na mwiko. Daktari Mwingereza, William John Little, alieleza habari zake mbele ya madaktari wenzake mjini London mwaka 1861. Hata karibu na kwetu, katika wilaya za Iganga na Mayuge, ulifanywa uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, ukaonyesha kwamba karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana hali hii. Basi katika nchi yetu watoto hawa ni maelfu mengi. Mbona hatuwaoni njiani? Kwa sababu wako ndani, kama wangu alivyokuwa.

Labda utasema, "Jeraha la ubongo haliponi, ya nini kujisumbua?" Ni kweli haliponi, lakini pia haliendelei kukua. Kinachozidi ni misuli kukakamaa na viungo kupinda mtoto akiachwa amelala tu. Hapo ndipo mikono ya baba inapohitajiwa. Asubuhi kabla ya kazi namnyoosha miguu polepole, bila kumvuta kwa nguvu. Simbebi tena kama mtoto mchanga. Nampakata nyongani, miguu yake ikiwa imepanuka. Akila, hukaa wima, nasi humpa uji kwa kijiko kidogo ili asipaliwe. Kiti chake tulikitengeneza wenyewe kwa maboksi na makaratasi yaliyogandishwa kwa uji mzito wa unga. Uani nimesimamisha nguzo nne na fito mbili za mkaratusi, ndipo mahali pake pa kujifunzia kusimama.

Haya yote hayakuhitaji fedha nyingi. Yalihitaji mtu wa kuyafanya kila siku, na mama mwenye shamba, kuni, maji na watoto wengine hawezi kuyafanya peke yake asichoke.

Shuleni tulizoea kupima watu kwa mitihani. Binti yangu naye ana mitihani yake. Alishinda wa shingo akiwa na mwaka na nusu, na wa kukaa alipokaribia miaka mitatu. Sasa husimama kati ya zile fito mpaka nihesabu ishirini. Kutembea bado, wala sijui kama atatembea. Maneno yake machache wageni hawayaelewi, lakini nikikosea kuhesabu hucheka, kwa hiyo najua anahesabu pamoja nami. Mwili uliokaza si dalili ya akili iliyolala: Christy Brown wa Ireland aliandika kwa mguu wake wa kushoto, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1954. Wako pia watoto ambao akili yao imeguswa, na hao nao ni watoto wetu. Hawastahili kufichwa hata kidogo.

Basi nina maombi mawili. Ninyi mlio madarasani, msimcheke mtoto wa namna hii mkimwona, wala msilitumie jina la ulemavu kuwa tusi uwanjani. Siku moja mtakuwa baba, na hakuna ajuaye atapewa mtoto gani. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Nanyi wenzangu wa zamani, ambaye ana mtoto ndani na amtoe leo, ampeleke mwenyewe, akae kwenye lile benchi pamoja na akina mama. Tukikutana, tuchange pia saruji, tuondoe ngazi za mlango wa darasa moja na kuweka njia ya mteremko. Mwakani binti yangu ataanza shule ya msingi. Akifaulu kufika huku, nisingependa azuiliwe na ngazi tatu ambazo sisi tuliziruka kila siku bila kuziona.