Kijana wa Kwale, acha kuchoma pesa jikoni

Ukitaja neno "kaboni" Msambweni, wengi watakuelekeza Gazi, kwenye mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, ambapo wanakijiji wanalipwa kwa kutunza mikoko. Poa sana. Lakini kuna kaboni nyingine tunayoikanyaga kila siku bila kuitazama mara mbili: kifuu cha nazi.

Wewe unakijua kama kitu cha kuwashia jiko au kuchongea upawa. Wenzetu wa Sri Lanka, India na Ufilipino wanakijua kama malighafi ya kiwanda. Wanakichoma mahali penye hewa kidogo kiwe makaa, halafu wanayapitishia mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000. Mvuke huo unayatoboa makaa vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu hupata kuta za ndani zenye eneo la mita mraba 1,000 hivi. Fanya hesabu: kijiko kimoja cha kulia kinakaribia uwanja mzima wa soka!

Ni kwenye kuta hizo ambapo uchafu hunasa. Ndiyo maana makaa haya yamo ndani ya vichujio vya maji na barakoa za kujikinga na gesi, na migodi huyatumia kunasa dhahabu.

Na usidhani vitundu ni mambo ya kizamani. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025 ilienda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kubuni maumbo yenye vitundu, yanayounganisha metali na molekuli zenye kaboni. Yaghi alikulia Amman, Jordan, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, mahali ambapo maji yalikuwa ya kuvizia. Leo maumbo ya aina hiyo yanaweza kunasa maji kutoka kwenye hewa ya jangwani. Mwaka 2005 kikundi chake kilitoa mengine yasiyo na metali kabisa. Huko wanapanga ukubwa wa kila kitundu kabla ya kuanza kazi. Sisi hata kile tulichopewa na mnazi bure hatujakigusa.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mchanga wa titani wa Kwale ulichimbwa, ukapakiwa melini Likoni na kwenda kusafishwa ng'ambo. Desemba 2024 uchimbaji ukafungwa, na ajira zikaenda nao. Je, na kifuu tutakiuza vivyo hivyo, kwa gunia, halafu tununue kichujio kilichotengenezwa nacho kwa bei ya kuumiza?

Tusidanganyane lakini. Ukisaga makaa ya jikoni na kuyatia kwenye mtungi hujapata kichujio. Hata makaa yaliyotobolewa vizuri huondoa harufu, ladha mbaya, klorini na baadhi ya kemikali tu. Hayatoi chumvi ya kisima kilicho karibu na bahari, na peke yake hayakukingi na kipindupindu. Halafu tanuri la mvuke si sufuria. Linataka mtaji, vipimo na mtu anayejua kemia.

Kwa hivyo usianze na tanuri. Anza na kikundi: kusanyeni vifuu vikavu vya nazi zilizokomaa, si vya madafu, kutoka hoteli za Diani na wapika chakula wa Ukunda. Pelekeni sampuli kwa wakemia wa Chuo Kikuu cha Pwani au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, waulizeni makaa yenu yana ubora gani. Na wewe uliye darasani ukisomea kemia, hebu fanya mradi wako wa mwisho uwe huo.

Kaunti nayo isituletee semina na fulana. Ituletee tanuri moja la pamoja na maabara ya kupima. Mwanasiasa akija kuomba kura, muulize: mpango wako na kifuu ni upi?