Hukumu ya Washington na watoto wa Kolwezi

Waumini wengi wanatuuliza kama kesi ya watoto wa machimbo ya kobalti imeshindwa. Ndiyo, imeshindwa. Lakini sababu zake zinatuhusu sisi wote, tangu Kolwezi hata Goma na Bukavu.

Desemba 2019, familia za Kikongo ambazo watoto wao walikufa au kulemaa machimboni zilishtaki huko Washington makampuni 5: Apple, Alphabet yenye Google, Dell, Microsoft na Tesla. Zilitegemea sheria ya Marekani inayomruhusu aliyetumikishwa kwa nguvu kumdai pia yule aliyeshirikiana na watesi wake akapata faida. Kesi ilifutwa mwaka 2021, na tarehe 5 Machi 2024 majaji 3 wa rufaa wakathibitisha uamuzi huo kwa sauti moja.

Majaji hawakusema kwamba watoto hawakuumia. Walikubali hata kwamba familia zina haki ya kufika mahakamani kudai fidia. Kilichokatika ni kiungo: kununua kobalti kupitia mikono mingi, walisema, si kushirikiana na anayemtumikisha mtoto. Kati ya shimo na simu kuna mnunuzi wa madini, kiwanda, msafirishaji, na kila mmoja ananawa mikono kama Pilato.

Tena majaji walitaja wengine wanaoendeleza uovu huu, hata serikali ya Kongo. Hapo neno linarudi nyumbani. Katiba yetu ya 2006 inakataza kazi ya kulazimishwa (kifungu cha 16) na inampa kila Mkongo haki ya kufaidi mali ya taifa (kifungu cha 58). Sheria ya migodi inaruhusu mtu mzima tu kupewa kadi ya kuchimba kwa mikono. Tangu irekebishwe Machi 2018, inamdai mwenye kibali cha mgodi alipe madhara ya kazi yake hata pasipo kosa. Lakini mtoto akifukiwa katika shimo lisilo na kibali, nani ataitwa mbele ya hakimu?

Binti 5 za Selofehadi (Hesabu 27) walikuta sheria yenye tundu. Hawakunung'unika hemani mwao. Walisimama mbele ya Musa na wazee, wakaeleza jambo lao waziwazi, na sheria ikaongezwa kwa ajili yao na ya wengine baada yao.

Basi kanisa lifanye nini? Kwanza, tutunze ushahidi. Mtoto akiumia au akifa, tuandike tarehe, jina la shimo, aliyemleta kazini, aliyenunua mawe yake, na tuhifadhi karatasi ya kituo cha afya. Kiungo kilichokosekana Washington hujengwa hivyo. Pili, tuisindikize familia hadi kwa wakili, tusiishie kwenye mazishi. Tatu, tujiulize juu ya sadaka: tukipokea kwa shangwe fedha ya mwenye shimo linalochimbwa na watoto, sisi nasi tumeingia katika ule mnyororo.

Ninyi wa Kivu mnaoijua koltani ya Rubaya, jambo hili ni lenu pia. Mahakama ya mbali imefunga mlango mmoja. Milango ya mahakama zetu tuendelee kuibisha, kama yule mjane wa Luka 18, tukiwa na karatasi mkononi.