Tusingoje Maiti Mlangoni pa Gereza

Juzi nimeona mama mmoja akirudishwa mlangoni pa gereza na sufuria yake ya bugali na lengalenga. Hakuwa na franga za kumpa mlinzi. Kijana wake yumo ndani miezi mingi, hajaona jaji, na anakula kile tu mama anachomletea. Mama akaketi kando ya barabara, sufuria magotini, mpaka chakula kikapoa. Watu tukapita.

Ndugu zangu wa Butembo, wa Mususa, Bulengera, Kimemi na Vulamba, aibu hii ni yetu! Sababu tunazijua: pesa hazifiki, kesi zinalala, na Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipowekwa, kesi za jinai za raia zilipelekwa mbele ya majaji wa jeshi.

Wengine wanasema: "Ni wezi, wateseke." Mwizi ahukumiwe! Lakini hakuna jaji aliyemhukumu mtu njaa, na wengi humo hawajahukumiwa kabisa. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18, inaamuru kila mfungwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai, afya na heshima yake. Serikali isiyowalisha ndiyo hiyo iliyoshindwa kulinda magereza yenyewe: Oktoba 2020 gereza la Kangbayi la Beni lilishambuliwa, wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoroka, na Agosti 2022 ikawa zamu ya gereza la Kakwangura, hapa Butembo.

Jirani zetu wa Zambia wametuonyesha njia. Wafungwa wawili wa Lusaka, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, waliishtaki serikali kwa ajili ya chakula duni na msongamano. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikawapa haki.

Na sisi tushtaki. Kila familia iandike jina la mtu wake, siku aliyoshikwa, na karatasi ya kumweka ndani: kwa sheria ya kawaida, ya kwanza ya jaji ni ya siku 15 tu, kisha jaji ndiye anayeongeza, mwezi kwa mwezi. Waavoka, chukueni hata kesi moja bila malipo. Wafanyabiashara, changeni gharama za mahakama. Vijana, simameni na mama zetu mlangoni, muandike kila sufuria inayorudishwa, siku na saa. Mapadri, wachungaji na masheikh, semeni bila woga.

Mji huu haukungoja Kinshasa ili kutengeneza barabara zake. Tulitoka wenyewe na majembe. Basi tutoke tena! Nawasihi, kesi ya kwanza iingie mahakamani kabla mwezi huu haujaisha, kwa majina ya wafungwa wenyewe. Anayenyamaza leo, kesho wakimshika mtoto wake, atamlilia nani?