Nani Ashikaye Funguo za Daraja?

Atokaye Garissa kwenda Nairobi hana budi kuvuka daraja la Mto Tana, na hapo askari humtaka kitambulisho. Tumelalamika miaka mingi, tena kwa haki. Lakini mlinzi wa daraja hilo angalau twamwona kwa macho.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kuhusu madaraja mengine, yale ya kuhamishia sarafu za kidijitali kutoka blokicheni moja hadi nyingine. Je, ni salama kuliko hawala?

Nilimweleza kwamba jina lenyewe lapotosha, kwani mara nyingi hakuna kinachovuka. Blokicheni ni daftari la hesabu, na daftari moja halisomi lingine. Sarafu hufungiwa upande huu, na upande wa pili hutolewa hati ya kuiwakilisha. Ashikaye funguo za hazina hiyo ndiye tunayemwamini, tupende tusipende. Hawala nayo ni vivyo hivyo: wakala wa Eastleigh hupokea, mwenziwe wa Garissa hulipa, kisha wao husawazisha hesabu. Ila wakala ana duka, ana ukoo, na ana jina la kulinda.

Mwezi Machi 2022, daraja liitwalo Ronin lilikuwa na funguo 9, na 5 zilitosha kufungua hazina. Nne kati yake zilikuwa mikononi mwa kampuni moja! Wezi walizipata hizo pamoja na ya tano, wakachukua mali ya zaidi ya dola milioni 600. Siku 6 zilipita kabla ya wenyewe kugundua. Walioibiwa walifidiwa baadaye kwa kuwa nyuma ya daraja palikuwapo kampuni yenye jina, iliyokwenda kuchangisha fedha.

Mashabiki wa teknolojia hii watanijibu kwamba serikali yaweza kuifunga hawala. Ni kweli, nasi hapa hatuhitaji kufundishwa. Mwezi Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, kampuni 13 za kutuma fedha zilisimamishwa hadi Juni. Mama aliyengoja karo kutoka kwa mwanawe aliye ng'ambo aliadhibiwa kwa kosa asilolitenda. Hata hivyo, mama huyo alijua mlango wa kubisha.

Mwanafunzi yule sikumkataza. Nilimtaka aniletee kwanza majina ya washikao funguo za daraja alilolichagua, na idadi yao. Bado namngoja.