Akili mnemba nayo ielezwe kazi bayana

Wakulima na wafanyabiashara wa Mlali, wilayani Kongwa, wanajua hasara ya neno "gunia" lisilotajiwa kilo. Ndiyo maana lumbesa imepigwa vita miaka mingi, na mizani ikasisitizwa.

Sasa suala hilo limeingia kwenye kompyuta. Zipo programu za akili mnemba zinazoweza kuendesha tovuti ya biashara: kuweka tangazo, kubadilisha bei au kufuta zao lililokwisha. Programu hiyo haijui desturi za soko. Huchagua zana ya kutumia kwa kusoma jina la zana na maelezo mafupi aliyoyaandika fundi.

Maelezo yakisema tu "hubadilisha bei", hatari ipo. Karanga za Sh 2,500 kwa kilo, kwa mfano, zinaweza kutangazwa Sh 2,500 kwa gunia. Maelezo bora yangesema: "Hubadilisha bei ya zao lililokwishatangazwa. Bei iwe shilingi kwa kilo. Isitumike kuongeza zao jipya. Kipimo kisipotajwa, mwenye mali aulizwe kwanza." Aidha, zana ya kufuta ieleze iwapo kilichofutwa kinaweza kurudishwa.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya mafundi. La hasha. Fundi anajua kompyuta. Anayejua debe, gunia na kilo ni mwenye mazao. Ni vyema basi ushirika au mfanyabiashara anayelipia tovuti adai kusomewa maelezo hayo kwa Kiswahili kabla kazi haijaanza. Mali bila daftari hupotea bila habari.