Sakharani: Jina la ofisa wa Kijerumani lililobaki Usambara

SHAMBA la Sakharani, karibu na Soni wilayani Lushoto, lilipewa jina la utani la Kapteni Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyeshiriki utekaji wa Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, Oktoba 30, 1894.

Alipostaafu aligeukia kilimo Usambara. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alirudi jeshini, akauawa Tanga Novemba 4, 1914, katika mapigano ambayo Wajerumani walishinda.

Jina lake lingali mlimani. Wahehe walirudishiwa fuvu la Mkwawa mwaka 1954. Lakini askari Waafrika waliokufa Tanga siku hiyo, ni shamba gani linaloitwa kwa jina la hata mmoja wao?